Uzi maalumu: Wajapani wanavyoufunga mwaka, kuanzia maji ya yuzu hadi kuwapiga mazimwi kwa soya

Yadi_Kawasaki (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikifika wiki ya mwisho ya Desemba simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja kutoka Dar na Mombasa: "Kaka, nimelipia gari tangu juzi, jamaa hawajibu, nimeshapigwa?" Hujapigwa. Japani imefungwa. Ofisi za serikali huku zinafungwa kisheria tarehe 29 Desemba hadi 3 Januari, kampuni nyingi zinaagana tarehe 28, minada ya magari inasimama, na kabla ya tarehe 4 au 5 usitegemee mtu kukutumia invoisi.

Mimi nipo kwenye yadi ya magari ya kusafirisha nje, hapa Kawasaki, katikati ya Tokyo na Yokohama. Nimeona nianzishe uzi kabisa nisiwe najibu mmoja mmoja, maana wengi mnadhani wamefunga kwa ajili ya Krismasi. Krismasi si sikukuu ya taifa huku, tarehe 25 tunaingia kazini na mabuti yetu kama kawaida. Shughuli yenyewe inaanzia siku ile mchana unapokuwa mfupi kuliko zote na inaishia mwanzoni mwa Februari. Nikiiangalia kwa jicho la mtu wa biashara naona kitu kimoja kinajirudia: hawa watu wanafunga vitabu. Uchafu, deni, hata nuksi, hakuna kinachoruhusiwa kuvuka kuingia mwaka mpya.

Na la deni halikuanza jana. Enzi za Edo (karne ya 17 hadi ya 19) watu wa mjini walinunua kwa mkopo, mwenye duka anaandika daftarini, halafu hesabu zinakusanywa kwa msimu. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya siku ya mwisho ya mwaka. Wadai walizunguka mlango kwa mlango mpaka usiku wa manane, na wadaiwa nao walijua kujificha, mke anatoka kusema baba hayupo. Kukipambazuka tu, ni mwaka mpya, mdai anarudi kwake kusubiri.

Tuanze na siku ya jua fupi, wao wanaiita toji. Huwa tarehe 21 au 22 Desemba. Hapa kwetu jua linazama saa kumi na nusu jioni, ukitoka yadi ni giza tupu. Jioni hiyo supamaketi zote zimepanga vitu viwili mlangoni, boga na yuzu.

Boga huvunwa kiangazi, lina ganda gumu, linakaa miezi ghalani bila kuoza. Zamani katikati ya baridi mboga zilikuwa hakuna, kwa hiyo boga lililotunzwa ndilo lilikuwa tegemeo. Wanalipika na maharage madogo mekundu yanayoitwa azuki, utamu kwa mbali. Kwa mtu aliyelelewa na futari, chakula hiki hakina ugeni hata kidogo.

Yuzu ni jamii ya ndimu, rangi ya manjano, ngozi ina mabonde mabonde, mbegu kibao, na harufu yake inajaza nyumba. Haziliwi siku hiyo, zinatupwa kwenye maji ya kuoga. Na kuoga kwao kuna utaratibu: kwanza unakaa kwenye kigoda nje ya beseni, unajisugua, unajimwagia, ukishatakata ndipo unaingia kwenye maji ya moto hadi shingoni. Maji ni hayohayo ya familia nzima, ndiyo maana huruhusiwi kuingia na povu. Yuzu zinaelea mbele ya kidevu chako. Wengine wanazikata, wengine wanazifunga kwenye wavu ili mbegu zisizibe bomba. Ushauri: usizikamue kwa tamaa, mafuta ya ganda yanawasha.

Mabafu ya umma ya mitaani nayo yanaweka yuzu siku hiyo. Hata wanyama wanapewa: kwenye bustani ya Izu Shaboten kuna makapibara, wale panya wakubwa wa Amerika ya Kusini, wanaoogeshwa maji ya moto kila msimu wa baridi tangu 1982, na ikifika toji wanawekewa yuzu. Wanakaa kimya macho yamefumba nusu. Televisheni zote zinaonyesha.

Nitaendelea, ngoja nikale kwanza.

Mpemba_wa_Kariakoo

Nimeweka kambi. Mkuu usitukimbie kama wale wa "itaendelea" mpaka leo.

Mzee_Makunduchi

Ahsante mleta uzi. Kuoga mwaka sisi watu wa Kusini Unguja hatukufundishwa na mtu. Kwetu Mwaka Kogwa ni Julai, watu wanakoga baharini, wanapigana kwa migomba kumaliza vinyongo, na kibanda kinachomwa moto. Nataka kujua huko kwenye moto hawapo?

Yadi_Kawasaki

Mzee wangu shikamoo. Moto upo, tena mkubwa, lakini wa Januari. Nitakufikia.

Nesi_Saitama

Naomba nichomekee hapo kwenye bafu kabla watu hawajavutiwa mno. Nafanya kazi ya kutunza wazee. Desemba na Januari ndiyo miezi tunayoogopa bafu. Nyumba nyingi za Kijapani za zamani zina joto kwenye chumba kimoja tu, kile walichokaa. Mzee anatoka kwenye joto, anavua nguo kwenye chumba cha baridi kama friji, halafu anatumbukia kwenye maji ya moto. Presha inapanda, inashuka ghafla, anazimia ndani ya maji. Kila mwaka mamlaka ya walaji inatoa tangazo lilelile: maji yasizidi nyuzi 41, usikae zaidi ya dakika 10, washa hita chumba cha kubadilishia nguo kwanza. Sisi kituoni yuzu tunaweka, lakini mtu anasimama pembeni muda wote.

Na hilo joto la chumba kimoja ndilo kotatsu: meza fupi, chini yake kuna hita, juu yake blanketi zito. Unaingiza miguu, unamenya machenza. Ukishakaa hutoki, hata choo unaahirisha.

Yadi_Kawasaki

Nesi umesema kweli tupu. Mimi chumba changu hakina kotatsu, nina hita ya mafuta ya taa. Jumamosi inapita lori la mafuta ya taa taratibu mtaani, kipaza sauti kinapiga wimbo wa watoto wa theluji, akina mama wanatoka na madumu yao mekundu. Ukiukosa wimbo, umelala na baridi.

Sasa usafi. Huku wanaita osoji. Usifikirie kufagia na kupiga deki. Hapa ni kupanda ngazi kufuta juu ya taa, kutoa chujio la feni ya jikoni lenye mafuta ya mwaka mzima, kuvuta friji kusafisha nyuma yake. Yadi kwetu siku ya mwisho hakuna kuuza, bosi mwenyewe anavaa glavu, tunaosha sakafu ya gereji kwa brashi, spana zote zinafutwa moja moja na kurudishwa kwenye alama yake ukutani. Mwanzoni niliona ni kutupotezea muda. Siku hizi naipenda kuliko sherehe yenyewe ya mwisho wa mwaka, ambako mnalewa na kesho yake hakuna anayekumbuka alichoahidiwa.

Asili yake ni kufuta masizi ya jiko la kuni, na siku ya jadi ni tarehe 13 Desemba. Kyoto kuna mahekalu mawili makubwa, Nishi Honganji na Higashi Honganji, yenyewe yanafanya tarehe 20. Mamia ya waumini wanajipanga mstari, kila mtu ana fimbo ya mianzi, wanapiga mikeka ya sakafuni kwa pamoja, vumbi linapanda ukumbi mzima, na nyuma yao watu wenye mapepeo makubwa kupita kiasi wanalisukumia nje.

Nyumba ikishatakata ndipo mapambo yanawekwa: mianzi na msonobari mlangoni, kamba ya majani ya mpunga, na keki mbili za mochi (wali wa kunata uliopondwa) zimebebana, chungwa juu. Tarehe inachaguliwa. Ya 28 ni nzuri, ya 29 inakwepwa kwa ajili ya nuksi ya namba 9, na ya 31 ni kumdharau mgeni, yaani mungu wa mwaka, kwamba umemwandalia kwa zimamoto.

Kigogo_Mbishi

Naheshimu uzi, ila mnatukuza sana. Mila za maelfu ya miaka, sijui nini. Mbona naona picha zao Krismasi wamejipanga foleni ya kuku wa KFC? Hiyo nayo ni mila ya samurai?

Yadi_Kawasaki

Mbishi, karibu, nilikusubiri. Sijasema maelfu ya miaka popote. Tena nikusaidie kwenye ubishi wako.

Kuku wa KFC ni tangazo la biashara la 1974. Lilikamata, na sasa watu wanaweka oda wiki kadhaa kabla. Keki ya krimu na stroberi ni hivyohivyo, biashara tu.

Kwenda kusali mwanzo wa mwaka, hatsumode, kila mtu atakwambia ni jadi. Kuna sehemu kubwa iliyotengenezwa na reli. Hapa kwetu Kawasaki kuna hekalu la Kawasaki Daishi. Januari 1899 ilifunguliwa reli ya umeme kupeleka watu huko, na kampuni za treni zikaanza kushindana kutangaza safari za mwaka mpya. Kabla ya hapo watu wengi walisali karibu na kwao, au upande ambao nyota ya mwaka imeelekeza. Leo Meiji Jingu, jumba la sala la Tokyo, peke yake inapokea karibu watu milioni 3 kwa siku tatu za mwanzo, na yenyewe ilijengwa 1920.

Kubwa kuliko yote ni kalenda. Serikali ya Meiji, iliyofuata baada ya enzi za Edo, iliamka na kutangaza kwamba tarehe 3 ya mwezi wa 12 itakuwa Januari 1, 1873. Tangazo lilitoka chini ya mwezi mmoja kabla! Waliokuwa wanajiandaa kwa mwaka mpya wiki nne mbele wakajikuta umewafikia. Na sababu mojawapo ilikuwa ya kihasibu: kwa kalenda ya zamani, mwaka uliofuata ulikuwa na miezi 13, na serikali ilikuwa imeshaanza kulipa mishahara kwa mwezi. Kwa kubadilisha kalenda ikakwepa mshahara wa mwezi wa 13, na ule wa 12 uliobaki na siku mbili nao haukulipwa. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, vuteni pumzi.

Sasa matokeo yake. Mila nyingi zilizofungwa kwenye kalenda ya mwezi zikawahishwa kama mwezi mzima, zikaangukia baridi kali. Tarehe 7 Januari watu wanakula uji wa mchele wenye majani saba ya porini, seri, nazuna na wenzao, kupumzisha tumbo baada ya kula sana. Zamani siku hiyo ilikuwa Februari, majani yanaanza kuchipua shambani, unatoka unachuma. Leo kule nje ni barafu, kwa hiyo unanunua pakiti ya plastiki supamaketi, majani saba yamekuzwa kwenye banda la joto, yamehesabiwa na kupangwa. Mila imebaki, shamba limeondoka.

Hapo ndipo tunapoachana mimi na wewe. Wewe unaona ikishaguswa na duka au reli imekufa. Mimi naona bibi wa jirani yangu, ana miaka zaidi ya 80, anaipika ile pakiti saa kumi na mbili asubuhi tarehe 7 na kunigongea mlango na bakuli. Hajali nani alipanga tarehe.

Kigogo_Mbishi

Hapo kwenye mshahara wa mwezi wa 13 nimecheka peke yangu kwenye daladala. Endelea.

Ustadhi_Kibaha

Mkuu, wewe ni Mwislamu kwa maelezo yako ya zamani humu. Unakwendaje mahekaluni? Na vyakula vyao vipi?

Yadi_Kawasaki

Ustadhi, swali la haki. Naenda kama ninavyoenda kuangalia mpira wa timu nisiyoishabikia. Jamaa wa yadi wanaomba yao, mimi nanunua pipi. Kwenye njia ya kuingilia Kawasaki Daishi kuna maduka ya pipi, wakataji wamejipanga, wanakata kwa visu viwili vikigonga ubao kwa mdundo, unausikia kabla hujaona duka. Na kuna tofauti watu wengi hawaijui: kwenye jumba la Kishinto, dini ya jadi ya huku, wanainama mara mbili, wanapiga makofi mawili, wanainama mara moja. Kwenye hekalu la Kibudha kama Daishi hakuna makofi, ni viganja kuungana tu.

Chakula ndicho chenye mtego. Usiku wa tarehe 31 wanakula toshikoshi soba, tambi za ngano nyeusi. Tambi ndefu, umri mrefu. Na kwa kuwa hukatika kirahisi, nuksi ya mwaka inakatika nayo. Imalizike kabla ya saa sita usiku. Shida ni mchuzi, mara nyingi una mirin, ambayo ni pombe ya kupikia. Mimi nanunua tambi kavu na kupika mchuzi wangu wa mwani na soya, baada ya kusoma kibandiko neno kwa neno.

Januari 1 sasa ni osechi, masanduku ya chakula yaliyobebana, kimepikwa mapema ili siku tatu jiko lipumzike. Kila kitu kina dua yake. Kamba mgongo umepinda, ishi mpaka upinde. Mayai ya samaki, maelfu kwenye kipande kimoja, ni uzao. Shina la yungiyungi lina matundu, utazame mbele bila kizuizi. Vingi ni vitamu na vya baridi, na kwa ulimi wangu wa pwani havina msisimko. Nisamehewe. Ninachopenda ni ozoni, supu yenye mochi, na ndani yake kuna ubishi wa mikoa: huku mashariki mochi ni ya pembe nne na mchuzi mwepesi, upande wa Kyoto na Osaka ni ya duara na miso nyeupe (rojo ya soya iliyochachushwa). Wanandoa wa mikoa tofauti wanapatana kwa zamu.

Nesi_Saitama

Na mochi mtaje vizuri. Inanata, inavutika, na kila Januari Tokyo magari ya wagonjwa yanakimbia kwa ajili ya wazee waliokabwa. Zimamoto ya Tokyo inatoa onyo kila mwaka: katakata vipande vidogo, lowesha koo kwanza, usile peke yako. Kituoni kwetu tumeshaiondoa, tunawapikia ya bandia inayoyeyuka. Wazee wanakasirika. Mmoja aliniambia amekula mochi miaka 90, mimi ni nani wa kumzuia.

Pacha_wa_Iten

Wadau wa Kenya tuko. Mimi nangoja tu mtu ataje Hakone, ama mnataka kuniambia hiyo si desturi? Jamaa wetu wako huko kila Januari.

Yadi_Kawasaki

Pacha, Hakone ndiyo mwaka mpya wangu. Kwa wasioijua: tarehe 2 na 3 Januari vyuo vikuu vya ukanda wa Tokyo vinakimbia mbio za kupokezana, kutoka Otemachi katikati ya jiji mpaka ziwa la Hakone milimani na kurudi. Jumla kama kilomita 217, wakimbiaji 10 kwa kila chuo, zilianza 1920. Nchi nzima iko chini ya kotatsu inaangalia runinga. Barabara yenyewe inapita hapa Kawasaki, wakikaribia kituo cha kwanza cha kupokezana pale Tsurumi, kwa hiyo mimi huvaa makoti mawili na kusimama kando ya barabara. Wanapita kwa sekunde tu. Unasikia pumzi na viatu, basi.

Hawapokezani kijiti. Ni ukanda wa kitambaa wa rangi ya chuo, unavaliwa begani kukatisha kifua. Na kuna sheria ya kikatili: chuo kikiachwa na kinara kwa dakika 20 kwenye vituo vya siku ya kurudi, au 10 tu kwenye vituo viwili vya mwanzo, mkimbiaji anayefuata analazimika kuondoka bila kusubiri. Unamwona kijana anakuja amejikaza, ameshavua ukanda ameukunja mkononi, mita 50 tu zimebaki, na mwenzake anaondoshwa. Ukanda hana wa kumpa. Anaanguka pale pale. Nimeona wanaume wazima wa yadi wanalia.

Mkenya wa kwanza kwenye mbio hizo alikuwa Joseph Otwori wa chuo cha Yamanashi Gakuin, 1989. Chuo kilikuwa hakina jina, na 1992 kikachukua ubingwa. Akafuata Stephen Mayaka, ambaye baadaye akabaki huku na kuwa kocha. Vincent Yegon aliweka rekodi ya kipande cha pili 2021, saa 1:05:49, na 2025 Richard Etir akaishusha mpaka 1:05:31. Kila chuo kinaruhusiwa mgeni mmoja tu barabarani, na mara nyingi anapewa kipande cha pili, kilomita 23.1, chenye ushindani kuliko vyote.

Mpemba_wa_Kariakoo

Na sisi tusisahauliwe. Juma Ikangaa alishinda marathon ya Fukuoka Desemba 1986. Wazee wa Japani wanamjua kuliko vijana wa Dar.

Pacha_wa_Iten

Kweli kabisa. Heshima kwa Ikangaa.

Mama_Nao_Akita

Hodi wenzangu. Mimi nimeolewa huku kaskazini, mkoa wa Akita, mwenyewe natoka Mombasa. Naona mnaongelea Tokyo tu. Njooni huku mwone mwaka unavyofungwa kwa vitisho.

Usiku wa tarehe 31, rasi ya Oga, wanaume wa kijiji wanavaa vinyago vya kutisha na mavazi ya majani ya mpunga, mkononi kisu cha mbao na ndoo. Ndio Namahage. Wanaingia nyumba kwa nyumba, wanapiga milango na kukanyaga sakafu kwa kishindo, wananguruma: kuna mtoto mlizi hapa? Kuna mvivu? Kuna mkamwana asiyeamka mapema? Hilo la mwisho lilikuwa langu mimi, mkamwana. Baba mwenye nyumba amevaa rasmi, anawakaribisha pombe ya mchele, anawatetea wa nyumbani kwake, huyu mtoto anasoma vizuri, huyu mke ni mchapakazi. Wanafungua kitabu chao kuhakikisha. Mwanangu alikuwa na miaka 3, aling'ang'ania shingo ya babu yake, sauti yote ikamkauka. Kesho yake kutwa nzima alikuwa mtoto mwema.

Majani yanayodondoka kutoka kwenye nguo zao hayafagiliwi usiku ule, ni ya baraka. Nyumba yenye msiba mwaka huo hawaiingii. UNESCO iliwaorodhesha 2018 pamoja na wageni wengine wa vinyago wa mikoa mbalimbali. Lakini vijiji vinakosa vijana wa kuvaa, na siku hizi nyumba nyingi zinawapokelea mlangoni tu au zinakataa. Mume wangu ana miaka 51 na bado anaitwa kuvaa, kwa sababu yeye ndiye kijana.

Mzee_Makunduchi

Mwanangu wa Mombasa, hapo nimekuelewa sana. Bado nangoja moto.

Yadi_Kawasaki

Mama Nao, umeniwahi, nilikuwa nakuja huko. Usiku uleule huku mjini ni kengele. Mahekalu yanapiga mara 108, idadi ya tamaa za binadamu kwa Wabudha, na mara nyingi 107 kabla ya saa sita na ya mwisho mwaka ukishaingia. Chion-in ya Kyoto ina kengele ya tani 70 hivi, iliyosubiwa 1636. Watawa 17 wanavuta kamba, na mmoja wao anajitupa chali kabisa kila pigo. Hekalu la mtaani kwetu lilihamishia shughuli mchana kwa sababu majirani walilalamika kelele. Mbishi, hapo ruksa kucheka.

Kadi za mwaka mpya nazigusa tu: unaziposti katikati ya Desemba, posta inazishikilia na kuzigawa zote asubuhi ya Januari 1, na zina namba za bahati nasibu chini. Kwa mwaka mpya wa 2004 zilichapishwa karibu bilioni 4.46. Wa 2025, bilioni 1 na kidogo. Simu imezimaliza.

Mzee wangu, moto huu hapa. Mapambo ya mlangoni hayatupwi jalalani, yanachomwa katikati ya Januari, karibu tarehe 15, uwanjani au hekaluni, na watu wanaoka mochi kwenye makaa. Mkali kuliko wote upo Nozawa Onsen, mkoa wa Nagano, usiku wa tarehe 15. Wanajenga jengo la magogo refu. Wanaume wenye miaka 42, umri wa nuksi kwa mwanamume, wanakaa juu yake. Wa miaka 25, nao umri wa nuksi, wanalilinda chini. Kijiji kizima kinawashambulia kwa mienge ya moto, na wao wanazima kwa matawi ya msonobari na miili yao. Wanapigwa kweli, nyuso nyeusi kwa masizi, wengine damu. Mwishowe jengo linaachwa liungue, na nuksi zao ndani yake.

Mzee_Makunduchi

Ahsante. Sasa nimeshiba. Huo ndio mwaka.

Binti_Ujiji

Mbona kichwa cha uzi kinasema mazimwi na soya na hatujayaona?

Mama_Nao_Akita

Setsubun hiyo, kwa kawaida Februari 3. Kwa hesabu ya zamani ndiyo mkesha wa kuingia majira mapya. Inategemea jua, kwa hiyo 2021 iliangukia tarehe 2, mara ya kwanza baada ya miaka 124. Baba anavaa kinyago cha zimwi, watoto wanamtupia soya zilizokaangwa wakipiga kelele, mazimwi nje, neema ndani. Kisha unakula soya kwa idadi ya umri wako. Watoto wa miaka 5 kushuka chini wasipewe, zinawakaba. Huku kaskazini na Hokkaido tunatupa karanga na maganda yake, maana soya ikianguka kwenye theluji hupati tena, karanga unaokota, unamenya, unakula. Watu wa Tokyo wanashangaa, mimi nawaambia ni akili ya mama wa nyumbani.

Yadi_Kawasaki

Na hekalu la Narita, karibu na uwanja wa ndege, hawataji mazimwi kabisa, wanaita neema tu. Wanasema mbele ya mlinzi wao hata zimwi huongoka. Wanasumo wakubwa wanarusha soya kwa kapu, watu wanagombania chini.

Kuna na ehomaki, bunda nene la wali na mwani. Unaelekea upande wa bahati wa mwaka, unalila lote bila kukata na bila kutamka neno. Pande ni nne tu na zinazunguka kwa mwaka; 2026 ni kusini kidogo kuelekea mashariki. Ilikuwa mila ya Osaka, ikaenezwa nchi nzima na maduka ya Seven-Eleven kuanzia 1998. Ikazidi mpaka Januari 2019 wizara ya kilimo ikayaomba maduka yatengeneze kulingana na wateja, mabaki yalikuwa aibu.

Binti_Ujiji

Kwa hiyo mabaki yanatupwa?

Yadi_Kawasaki

Mengine. Lakini kuanzia saa mbili usiku supamaketi zinabandika stika za nusu bei. Mimi hupita kama saa tatu kasoro, nachukua ya tango, yai na jodari, mawili. Naelekea popote.